Dadu Iko Mkononi mwa Nani?

Wanaosimulia historia ya michezo ya kuigiza wahusika mezani kwa kawaida huanzia Januari 1974, pale kampuni changa iliyoitwa TSR, ya mji wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ilipotoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 tu. Kutoka hapo wanahesabu dadu. Zilikuwepo za pande nne, sita, nane, kumi na mbili na ishirini. Michezo iliyofuata ikaziongeza, mingine ikazipunguza, mmoja ukazitupa zote. Ukifuata hesabu hiyo, historia nzima inakuwa mvutano kati ya wapenda bahati na wapenda akili. Naona simulizi ya namna hiyo inapita kando ya jambo lenyewe. Tangu michezo ya vita ilipoanza kutumia dadu, miaka 200 iliyopita, suala zito kwa wabunifu wake limekuwa nani airushe dadu, na airushe katika hatua ipi ya tendo. Kiasi cha bahati ni suala dogo likilinganishwa na hilo. Upanga ulipewa jibu moja na uchawi ukapewa jibu jingine, na tofauti hiyo, ambayo wachezaji wengi wameizoea kiasi cha kutoiona, asili yake ni mizinga.

Mchezo wenyewe hauna fumbo. Watu wanne au watano wanaketi mezani, kila mmoja akisema na kuamua kwa niaba ya mhusika wake, awe mpiganaji, mwizi au mchawi. Mwenzao mmoja ndiye mwendesha mchezo: anaeleza mahali walipo, anasema kwa niaba ya maadui na wapita njia, na anaamua matokeo ya yale wanayoyajaribu. Mhusika akitaka kuvuka chumba kitupu, anavuka. Akitaka kumchoma mkuki adui aliyevaa deraya, hapana mtu mezani ajuaye litakalotokea, na hapo ndipo dadu inapoitwa. Wito huo mdogo una historia ndefu.

Michezo ya vita ya mwanzo haikuwa na dadu. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu katika jumba la mtawala wa Brunswick, aliupanua mchezo wa sataranji ukawa uwanja wa vita wenye miraba zaidi ya 1,000. Kikosi kilichoufikia mraba wa adui kilimwondoa, basi. Mchezaji wa bao ataitambua hali hiyo mara moja: kila kete iko wazi machoni pa wote wawili, na aliyefungwa hana wa kumlaumu isipokuwa hesabu yake mwenyewe. Luteni Georg von Reiswitz wa jeshi la Prusia, akiendeleza kazi ambayo baba yake aliionyesha kwa mfalme mwaka 1812, aliona kwamba somo hilo linampotosha afisa. Katika kanuni alizochapisha mwaka 1824, ramani ya kipimo cha 1:8000 ilichukua nafasi ya miraba, na dadu maalumu zikawekwa kati ya amri na matokeo. Nyuso za dadu hizo zilibeba hasara za moto wa bunduki na mizinga kwa umbali mbalimbali, na hesabu zake zilitegemea majaribio ya shabaha yaliyosimamiwa na Jenerali Scharnhorst. Kwa mapigano ya ana kwa ana kulikuwa na dadu ya nguvu zinazolingana, nyingine ya tatu kwa mbili, nyingine ya mbili kwa moja, mpaka nne kwa moja. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliutazama mchezo ukichezwa akaupendekeza kwa jeshi zima.

Dadu ya Reiswitz ilifanya kazi mbili. Kwanza, ilimfundisha afisa kutoa amri huku akijua kwamba amri nzuri nayo huweza kushindwa. Pili, na hii ndiyo iliyodumu, ilimlinda mchezaji dhidi ya mwamuzi. Mezani palikuwa na mwamuzi aliyejua siri za pande zote mbili, na bila dadu angeweza kumpendelea yeyote, kwa kujua au bila kujua. Nasibu ilikuwa chombo cha haki kabla haijawa chombo cha msisimko. Hoja ya kupinga ilikuja mapema, tena kutoka kwa watu wazito. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, jenerali aliyepitia vita vya 1866 na vya 1870, alitetea mchezo usiofungwa na majedwali: mwamuzi mwenye uzoefu atazame ramani, apime, aseme kilichotokea. Majedwali yalikuwa yanauchelewesha mchezo, na afisa aliyeona vita kwa macho yake alijua zaidi ya dadu yoyote. Hoja hiyo ina nguvu, na ilifaa pale ilipozaliwa. Lakini ilifaa kwa sababu mwamuzi wa Verdy alikuwa na cheo. Luteni aliyeambiwa kwamba kikosi chake kimeteketea hakubishana na jenerali. Mchezo ukihamia sebuleni kwa marafiki, cheo kinabaki kambini, na kila hukumu inageuka ubishi.

Raia waliochukua mchezo huo walilijua tatizo hilo, nao wakatafuta njia zao. H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, aliondoa mwamuzi na dadu kwa pamoja: mizinga midogo ya kuchezea yenye springi ilirusha vipande vya mbao, na askari aliyeangushwa sakafuni alikuwa amekufa. Shabaha ya mkono ilichukua kazi ya nasibu. Charles S. Roberts wa Maryland, aliyechapisha Tactics mwaka 1954 na kuanzisha kampuni ya Avalon Hill mwaka 1958, alirudi karibu sana na Reiswitz, awe alijua au hakujua: linganisha nguvu za pande mbili, tafuta uwiano, rusha dadu moja, soma jedwali. Jedwali la Roberts halikuhitaji jenerali. Vijana wawili wa mji wowote wa Marekani waliweza kupigana usiku kucha bila kugombana, kwa kuwa uamuzi ulitoka kwenye karatasi ambayo wote wawili waliikubali kabla ya kuanza.

Katika michezo hiyo yote mchezaji alikuwa kamanda. Kikosi kikifutwa, alivuta kingine. Hali ilibadilika Minnesota. Mwaka 1969 David Wesely aliendesha mchezo alioupa jina la mji wa kubuni, Braunstein, ambamo kila mtu alipewa mhusika mmoja: meya, mwanafunzi, afisa. Mwenzake Dave Arneson alichukua wazo hilo akalipeleka mwaka 1971 katika nchi ya majoka na mahandaki aliyoiita Blackmoor, na kwa mapigano akaazima kanuni za Chainmail, kitabu cha mwaka huohuo cha Gary Gygax na Jeff Perren. Tatizo likajitokeza upesi. Chainmail ilikuwa ya majeshi, na katika jeshi dadu moja mbaya humwua mtu mmoja kati ya wengi. Hapa mtu mmoja ndiye aliyekuwa kila kitu cha mchezaji. Kwa maelezo ya Arneson mwenyewe, wachezaji wake hawakuvumilia kumpoteza shujaa kwa rusho moja, na dawa aliipata katika kanuni zake za vita vya meli za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Meli ya chuma haizami kwa kombora la kwanza. Ina unene wa bamba unaozuia makombora, na ina uwezo wa kupokea madhara mpaka ufike kikomo. Bamba likawa daraja la deraya, na uwezo wa kustahimili ukawa pointi za uhai.

Uazimaji huo naupa uzito kuliko uvumbuzi mwingine wowote wa miaka hiyo, kwa sababu uligawa rusho moja la kufa na kupona katika marusho mengi madogo. Katika Dungeons & Dragons ya 1974, kazi ya Gygax na Arneson, mpiganaji wa ngazi ya kwanza alirusha dadu ya pande ishirini. Alihitaji 10 au zaidi kumpata adui asiye na deraya, yaani asilimia 55, na 17 au zaidi kumpata aliyejifunika chuma na ngao, yaani asilimia 20. Akipata, alirusha dadu ya pande sita kujua madhara. Kila hatua ilikuwa na shaka, lakini hatua zilikuwa nyingi, na kati ya moja na nyingine mchezaji alipata nafasi ya kufikiri: niendelee, nikimbie, nijisalimishe? Anayesema kwamba dadu iliua akili katika mapigano hajaitazama nafasi hiyo. Nasibu iliyokatwa vipande ndiyo iliyompa mchezaji jambo la kuamua, maana pambano ambalo mwisho wake unajulikana halina haja ya uamuzi, na pambano linalokwisha kwa rusho moja halitoi muda wa kuamua.

Hata umbo la dadu lilikuwa na neno lake. Zile za pande nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya michezo. TSR ilizipata kutoka Creative Publications ya California, kampuni ya vifaa vya kufundishia hesabu shuleni, na dadu ya pande ishirini iliandikwa 0 hadi 9 mara mbili, hivyo mwenye nayo alipaka nusu ya nyuso rangi ili azitofautishe. Plastiki yake ilikuwa laini na kona zililika upesi. Dadu hiyo moja hutoa kila namba kwa uwezekano uleule, asilimia 5, na nyongeza ya alama moja ina thamani ileile popote ulipo. Dadu tatu za pande sita zikijumlishwa zina tabia nyingine kabisa: 10 na 11 hutokea kwa asilimia 12.5 kila moja, ilhali 18 hutokea mara moja katika 216. Kwenye mchezo wa GURPS wa Steve Jackson (1986), unaotumia dadu tatu na kumtaka mchezaji apate namba isiyozidi ujuzi wake, kupanda kutoka 10 hadi 11 kunakuongezea asilimia 12.5 za kufaulu, na kupanda kutoka 14 hadi 15 kunakuongezea chini ya asilimia 5. Mbunifu anayechagua dadu tatu anasema kwamba bingwa hategemei sana bahati na kwamba mafunzo huleta faida kubwa zaidi katikati ya njia. Anayechagua dadu moja ya pande ishirini anasema kwamba yeyote anaweza kumpata yeyote.

Haya yote yanahusu upanga. Uchawi ulikuja kwa mlango mwingine. Katika Chainmail ya 1971 mchawi alikuwa silaha ya uwanjani: mpira wake wa moto ulifunika eneo sawa na pigo la mtambo mkubwa wa kurushia mawe, na radi yake ililingana na ile ya mzinga mzito. Mbunifu aliyekuwa na kanuni za mizinga tayari aliuvika mzinga kanzu na kofia. Na mzinga, katika michezo ya aina ile, haurushi dadu ya kumlenga mtu mmoja. Kombora hutua, na walio ndani ya eneo ndio wanaotafuta kunusurika. Wale mashujaa wa Chainmail waliopewa nafasi ya kujiokoa walirusha dadu wao wenyewe. Mpangilio huo uliingia mzimamzima katika Dungeons & Dragons. Mpiganaji anarusha dadu yeye mwenyewe kuona kama amefaulu. Mchawi harushi kitu. Uchawi wake umeshatokea, na anayerusha ni mhanga, aone kama atapunguziwa madhara. Uchawi wa kulaza usingizi, uliopatikana tangu ngazi ya kwanza, haukumpa adui hata nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba sababu ni fasihi, kwamba Gygax alimpenda Jack Vance, ambaye wachawi wa kitabu chake The Dying Earth (1950) wanakariri maneno yenye nguvu, wanayatamka mara moja, na maneno yanafutika kichwani. Ni kweli kwamba Vance ndiye chanzo cha kuyakariri na kuyasahau. Lakini Vance anaeleza kwa nini uchawi unakwisha. Haelezi kwa nini adui ndiye mwenye dadu. Hilo la pili limetoka kwenye mizinga. Na vyanzo viwili vilikutana vizuri kwa sababu kimoja kilifidia kasoro ya kingine. Silaha isiyokosa ingeharibu mchezo kama ingetumika bila kikomo, basi ikawekewa mgao: mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja tu kwa siku. Upanga ulidhibitiwa kwa shaka, uchawi ukadhibitiwa kwa hesabu. Hata pale Gygax alipotaka kuutia uchawi hatari zaidi, katika Advanced Dungeons & Dragons, hakumpa mchawi dadu: aliweka kanuni kwamba mchawi akipigwa kabla hajamaliza kutamka, uchawi wake unapotea. Dadu ilibaki mkononi mwa adui.

Matokeo yake mezani ni makubwa. Hofu ya mpiganaji inakuja mara kwa mara na kwa kipimo kidogo. Hofu ya mchawi ni ya bahili: nitumie leo au niweke akiba? Mara anapoamua, hofu inahamia kwa mwingine. Ndiyo maana wachezaji wengi wa mchezo huo wanauona uchawi kama zana, kama kamba au mwenge, kitu unachokitoa mkobani ukijua kitakachofanya. Wanaolalamika kwamba uchawi huo hauna maajabu hulaumu majedwali na ngazi na orodha. Nadhani lawama hiyo haipo mahali pake. Uchawi ulipoteza maajabu pale aliyeutamka alipoondolewa shaka.

Ushahidi kwamba mkono unaorusha una uzito kuliko kiasi cha bahati unapatikana pia katika ubishi wa pigo kuu. Mwaka 1975 TSR ilichapisha Empire of the Petal Throne ya M. A. R. Barker, ambamo aliyepata 20 kwenye dadu alizidisha madhara mara mbili, kisha akarusha tena, na akipata 19 au 20 adui alikufa papo hapo. Ni nafasi moja katika 200. Wachezaji waliipenda kanuni hiyo mno, na Gygax, katika kitabu chake cha waendesha mchezo cha 1979, aliikataa. Hoja yake ilikuwa ya hesabu, na nadhani alikuwa sahihi. Adui mmoja anaonekana katika pambano moja, anapokea mapigo machache, anatoweka. Mhusika wa mchezaji anapigwa mamia ya mara katika maisha yake. Kanuni ileile, kwa kiwango kilekile cha bahati, inamnufaisha mchezaji leo na kumwua kesho: katika mapigo 100 anayopokea, nafasi ya walau moja kuwa la kufisha papo hapo inakaribia asilimia 40. Kanuni inayoonekana sawa kwa wote inamwelemea anayebaki mezani. Hata hivyo, toleo la mwaka 2000 la Dungeons & Dragons lililifanya pigo kuu kuwa sheria ya kawaida, ingawa ya kuzidisha madhara tu, na kwa sharti la rusho la pili la kuthibitisha.

RuneQuest ya 1978 ilikuwa jaribio la kwanza kubwa la kubadili mikono. Steve Perrin, mbunifu wake mkuu, alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha Society for Creative Anachronism, ambacho wanachama wake hupigana kwa panga za mti wakiwa wamevaa deraya. Aliyewahi kuzuia pigo kwa ngao hawezi kukubali kwamba mlengwa anasimama tu akisubiri. Kwa hiyo katika RuneQuest anayepigwa naye anarusha dadu kuzuia, na mpigaji anaweza kuboronga vibaya hata akajidhuru. Kwa uchawi wa kumwelekea adui, nguvu za roho za wawili hao hulinganishwa katika jedwali: zikilingana, uwezekano ni asilimia 50, na kila alama ya tofauti huongeza au kupunguza asilimia 5. Anayerusha ni mchawi. Katika mchezo huo karibu kila mtu ana uchawi kidogo, hata mpiganaji, na ni sahihi kwamba uchawi wa kila mtu ukapimwa kwa dadu kama ujuzi wa kila mtu. Gharama yake ni muda. Mapigano yanakwenda polepole.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpa mchawi hofu yake mwenyewe. Ars Magica ya 1987, ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, ilitenganisha uchawi uliosomwa vitabuni na uchawi wa papo kwa papo. Wa kwanza ni wa kutegemewa. Wa pili unaruhusu chochote lakini nguvu zake zinagawanywa kwa mbili, tena mchawi akichoka, au kwa tano asipotaka kuchoka. Wakati wa misukosuko dadu ya pande kumi hukata kuwili: 1 inarushwa tena na kuzidishwa, 0 inaweza kuleta balaa. Joseph Goodman, katika Dungeon Crawl Classics ya 2012, alikwenda mbali zaidi. Kila uchawi una jedwali lake, mchawi anarusha dadu ya pande ishirini kila anapoutumia, na 1 inaweza kumwachia alama ya kudumu mwilini. Vitabu vinakuwa vinene, na mwendesha mchezo anatumia muda mwingi kufunua kurasa. Hiyo ni kasoro ya kweli. Lakini mezani hakuna anayeuita uchawi huo zana.

Jibu zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, limo katika toleo la pili la Warhammer Fantasy Roleplay, la 2005. Mchawi anarusha dadu za pande kumi, zisizozidi kiwango chake cha uchawi, anajumlisha, na lazima afikie namba ya uchawi anaoutaka. Mchawi mkubwa anafikia dadu nne. Namba mbili zikifanana, nguvu za machafuko zinapenya na jambo baya linatokea. Tatu zikifanana ni baya zaidi. Nne ni maafa. Mwenye dadu moja hana hatari ya namba kufanana. Mwenye mbili ana asilimia 10. Mwenye tatu, asilimia 28. Mwenye nne, karibu asilimia 50. Na si lazima arushe zote: kila mara anachagua idadi. Basi mwanafunzi ni dhaifu na yuko salama, na gwiji ana nguvu za kutisha ambazo kila anapozitumia zote anatupa shilingi juu ya nafsi yake na ya wenzake. Hakuna mgao wa siku, hakuna orodha ya akiba, na hakuna haja ya mwendesha mchezo kumwonya mtu kwamba uchawi ni hatari. Dadu zimekwisha kumwonya, na uamuzi umebaki kwake.

Wanaopinga nasibu yote wana mtetezi wao bora katika Amber Diceless Role-Playing ya Erick Wujcik (1991), iliyotokana na riwaya za Roger Zelazny. Wachezaji wanashindania sifa nne kwa mnada wakitumia pointi 100 kila mmoja, na kuanzia hapo mwenye sifa kubwa humshinda mwenye sifa ndogo, isipokuwa mdogo abadili mazingira kwa ujanja. Unafaa kwa wanafamilia wa kifalme wanaokaribia umungu, na mnada ni ubunifu wa hali ya juu. Hata hivyo, uamuzi wa iwapo ujanja wa mdogo umetosha uko kwa mwendesha mchezo peke yake. Huyo ni mwamuzi wa Verdy bila cheo cha Verdy. Mwenye ulimi mwepesi anashinda, mnyamavu anashindwa, na hakuna karatasi ya kukatia rufaa.

Hoja nyingine inasema kwamba ulinzi huo wa dadu ni wa bure, kwa kuwa waendesha mchezo wengi hurusha nyuma ya kizuizi cha karatasi na kubadili namba wasiyoipenda. Ni kweli wanafanya hivyo. Lakini dawa ya tatizo hilo imepatikana kwa njia ileile ya kuhamisha dadu. Katika Apocalypse World ya Vincent Baker (2010) mwendesha mchezo harushi kabisa. Mchezaji anarusha dadu mbili za pande sita mbele ya wote: 10 na kuendelea anafaulu, 7 hadi 9 anafaulu kwa gharama, 6 kushuka mwendesha mchezo anapata ruhusa ya kumtia mashakani. Bila nyongeza yoyote, gharama na mashaka vina uzito sawa, nafasi 15 kila kimoja katika 36, na ufanisi mtupu una 6 tu. Hakuna cha kuficha, kwa sababu hakuna kinachorushwa nyuma ya karatasi.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons lilitoka mwaka 2014, likauzwa kuliko mchezo wowote wa aina yake. Mpira wa moto bado umo: dadu nane za pande sita, wastani wa madhara 28, na walio ndani ya eneo ndio wanaorusha dadu kutafuta nusu. Wabunifu wake walibadili karibu kila kitu kilichouzunguka mpira huo, lakini huo wameuacha palepale ulipowekwa mwaka 1971, na mimi nauona ni uamuzi dhaifu zaidi katika mchezo uliobuniwa vizuri.